Lenzi bandia ya jicho ikisumbua: dalili, sababu, na wapi pa kuanzia kabla hujailaumu lenzi

Wadau wa macho habari za kazi. Naandika hii kuhusu lenzi tunayoiweka ndani ya jicho baada ya kutoa mtoto wa jicho, kwa sababu maswali yanajirudia yaleyale, yanatoka Kasulu, Kibondo, Uvinza, mpaka kwa wenzetu wa Tabora, mtu anapiga picha lenzi kwa simu anatuma alafu anauliza "hii ni mbovu?" na ukweli ni kwamba kwenye picha ya simu jibu halipo. Mimi ni muuguzi wa thieta ya macho hapa Kigoma, na kuna kipindi nilipata nafasi ya kukaa wiki kadhaa kwenye maabara inayopima malighafi za lenzi, nikarudi nikiwa naitazama ile pakiti ndogo kwa jicho lingine kabisa. Nilichojifunza kikubwa ni kwamba mara nyingi lenzi ndo mtuhumiwa wa mwisho sio wa kwanza, ila siku ikiwa kweli ni yeye, ushahidi wote uko kwenye lenzi yenyewe na stika yake, na hivo viwili ndo vitu tunavyotupa haraka kuliko vyote.

Kabla ya dalili tujue lenzi imetengenezwa na nini, maana nusu ya majibu yapo hapo.

Ya kwanza ni PMMA, ile plastiki ngumu isiyokunjika. Ndo familia ya ile ya Harold Ridley, aliyoiweka kwenye jicho la mgonjwa pale St Thomas' Hospital, London, tarehe 29 Novemba 1949, baada ya kuona marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege machoni na macho yakavivumilia bila kuwaka. PMMA hailainiki mpaka joto lipite nyuzi 100 hivi, ndo maana haikunjiki na inahitaji kidonda kikubwa kidogo, na kwenye kambi zetu za mtoto wa jicho ndo iliyotubeba miaka yote, hasa baada ya viwanda kama Aurolab cha Madurai, India, kuanza mwaka 1992 kuzitengeneza kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia.

Ya pili ni akriliki isiyopenda maji, haidrofobiki. Hii inakunjika ila inategemea joto. Chukua mfano wa mawese, asubuhi ya mwezi wa sita kule juu Kasulu unakuta dumu limeganda, unaliweka juani saa nne yanamiminika, mafuta ni yaleyale kilichobadilika ni joto tu. Lenzi hii kimsingi na yenyewe ina kiwango chake cha joto ambacho chini ya hapo inakuwa kama kioo na juu ya hapo inakuwa kama mpira, na kwa nyingi kiwango hicho kiko chini kidogo ya joto la chumba, kwahiyo baridi ya AC inaigusa moja kwa moja.

Ya tatu ni akriliki inayopenda maji, haidrofiliki. Hii ndani yake ina maji, nyingi ni kati ya asilimia 18 na 28 hivi, na inakaa kwenye pakiti yenye kimiminika. Ikikauka inasinyaa na kuwa ngumu. Kuna na silikoni, ila huku kwetu sio nyingi.

Kiwango cha dunia kinachozisimamia ni ISO 11979, kina sehemu nyingi, kuna ya uwezo wa kuona, ya nguvu za mikono ya lenzi (vile viguu vyembamba vinavyoishikilia ndani ya jicho), ya usalama wa malighafi mwilini, ya muda wa kukaa stoo na kusafirishwa. Nitavitaja vipimo vyake pale vinapohusika, maana kipimo bila dalili hakikusaidii kitu.

DALILI YA 1: Lenzi ina ukungu au unga ikiwa bado kwenye pakiti

Hapa wengi wanaogopa bure na wachache hawaogopi wakati walitakiwa kuogopa.

Sababu inayoongoza ni joto kubadilika ghafla. Boksi limetoka Dar, limekaa kwenye buti ya basi karibu na injini siku nzima, limefika limewekwa kwenye chumba cha AC, alafu dakika kumi baadae mtu anafungua anakuta mvuke umeshika pakiti kwa ndani au lenzi yenyewe imepauka. Haidrofiliki nyingi zinafanya hivi zikipata baridi, zinapauka alafu zinarudi zenyewe. Cha kufanya ni rahisi, iache ndani ya pakiti ambayo haijafunguliwa kwenye chumba cha kawaida saa moja au mbili alafu iangalie tena kwenye mwanga. Ikirudi kuwa safi, sawa. Isiporudi iweke pembeni usiitumie.

Sababu ya pili ni pakiti kutoboka. Kwa haidrofiliki angalia kimiminika, kama kimepungua au hakipo basi hiyo lenzi haifai hata kama inaonekana nzuri. Usiongeze salaini, usiiloweke. Kwa zile kavu angalia muhuri wa karatasi kama umelowa au umeachia kwenye kona, na huku kwetu mvua za masika stoo zikivuja hili linatokea kweli.

Ya tatu ni muda kuisha, ile alama ya saa ya mchanga kwenye boksi. Watu wananiuliza sana, "imepita mwezi mmoja tu si bado nzima?" Ule muda haukuandikwa kwa kukisia. Maabara inaziweka lenzi kwenye joto la juu kuliko kawaida ili miezi ifanye kazi ya miaka, alafu wanapima upya nguvu ya lenzi, ubora wa taswira, mikono, na muhuri wa pakiti, na mara nyingi kinachochoka kwanza ni muhuri sio lenzi. Lenzi iliyopita muda inaweza kuwa safi kwa macho na isiwe salama kwa vijidudu.

Ya mwisho, na ni adimu, ni kasoro ya kiwanda yenyewe. Ukikuta lenzi mbili tatu za lot moja (fungu lililotengenezwa pamoja kiwandani) zina doa linalofanana, acha kutumia lot nzima, itenge, andika.

ONYO: Usirudishe lenzi kwenye otoklevu (mtambo wa mvuke wa kutakasa vyombo). PMMA joto linaipinda na nguvu yake inabadilika hata kama kwa macho huoni, na haidrofobiki nyingi zimetakaswa kwa gesi ya EO (ethilini oksaidi) kiwandani na hazikutengenezwa kuvumilia mvuke wako. Ile alama ya namba 2 iliyokatwa mstari inamaanisha matumizi ni mara moja basi, ukiiangusha chini imeenda, inauma najua, ila imeenda.

DALILI YA 2: Lenzi haikunjuki, inakwama au inapasuka kwenye katriji (kibomba cha kupitishia lenzi kuingia jichoni)

Kuna daktari mmoja aliwahi kuniuliza kwa hasira kwanini tunanunua lenzi mbovu, tatu zimepasuka kwa wiki. Nikamuuliza AC ya thieta iko ngapi, akasema 17. Hapo hapo jibu lilikuwepo.

Anza na joto la chumba kwahiyo. Kama ni haidrofobiki na thieta ina baridi kali, pandisha mpaka nyuzi 20 na kitu, au lenzi ikae kwenye pakiti yake mahali penye joto la kawaida nusu saa kabla. Usiichemshe na usiiweke juu ya taa, nimeona watu wanafanya.

Pili ni visko (ule ute mzito wa kulainishia na kulinda jicho kwenye upasuaji) kuwa kidogo au iliyokaa muda mrefu. Katriji inatakiwa ijae visko kabla lenzi haijaingia, sio tone juu yake. Ukuta wa ndani wa katriji una utelezi uliopakwa kiwandani, ukiingiza lenzi kwenye ukuta mkavu unauchuna ule utelezi na lenzi inaburuza.

Tatu, katriji sio ya lenzi ile. Hili linatokea sana kwenye vifaa vya msaada, lenzi zimekuja za kampuni moja na injekta (kifaa cha kuisukuma lenzi) ya nyingine, zinaonekana zinaingiana. Soma karatasi ya ndani ya boksi, imeandika katriji gani. Kama haimo usijaribu kwenye jicho la mtu.

Nne ni kuikunja mapema alafu ukasubiri. Daktari bado anasafisha mabaki ya mtoto wa jicho, wewe umeshapakia lenzi ili asikusubiri, dakika zinakwenda, lenzi inakariri ule mkunjo na mikono inashikana na mwili wa lenzi. Pakia daktari akisema, sio kabla.

Maabara kipimo hiki wanakifanya hivohivo, wanakunja lenzi na kuipitisha kwenye injekta kama thieta, alafu wanaipima tena nguvu na taswira na kutafuta mikwaruzo kwa hadubini, wakithibitisha imerudi kama ilivyokuwa. Kwahiyo lenzi ilishafaulu mtihani huo kwa katriji ile, kwa joto lile, kwa muda ule uliopo kwenye karatasi. Ukibadilisha kimoja umeingia kwenye mtihani ambao haijawahi kufanya.

SIMAMA kama lenzi imetoka na ufa katikati ya sehemu ya kuonea au mkono mmoja umekatika, mwambie daktari kabla haijakaa kwenye mfuko (ule utando wa lenzi ya asili tunamoiweka). Kuitoa saivi ni dakika chache, kuitoa mwakani ni upasuaji mwingine.

DALILI YA 3: Mgonjwa anaona lakini namba imekosea

Siku ya kwanza usikimbilie kitu, konea (kioo cha mbele cha jicho) bado imevimba. Wiki ya nne mpaka ya sita ukipima miwani ukakuta mtu ana mainasi 3 wakati mlilenga karibu na sifuri, hapo kuna kitu.

Kwa uzoefu wangu karibu kila mara ni vipimo vya kabla ya upasuaji. Mtoto wa jicho wa watu wetu anakuja amekomaa kabisa, mweupe, mashine ya mwanga haipenyi, tunatumia A-skani ya kugusa (mashine ya mawimbi ya sauti inayopima urefu wa jicho). Mkono ukikandamiza konea kidogo tu jicho linaonekana fupi kuliko lilivyo, mashine inakokotoa lenzi kali zaidi, na mgonjwa anaishia kuona karibu tu. Milimita 1 ya kosa kwenye urefu wa jicho ni karibu dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi na miwani) 2.5 hadi 3, kwahiyo hata nusu milimita inatosha kumharibia mtu. Chukua vipimo visivyopungua vitano, tupa vinavyopishana, linganisha jicho la kulia na kushoto, tofauti ikizidi milimita 0.3 rudia na mwenzako ashike probu. Keratomita (mashine inayopima mpindo wa konea) nayo ihakikiwe kwa ile gololi yake ya chuma, sio kila mtu anaikumbuka ipo kwenye droo.

Sababu inayofuata ni lenzi ya mgonjwa mwingine. Siku ya kambi yenye wagonjwa arobaini hii sio ajabu. Angalia stika kwenye faili, linganisha na karatasi ya biometria (vile vipimo vya kabla ya upasuaji), na linganisha na mgonjwa aliyemtangulia na aliyemfuata. Alafu kuna A-konstanti (namba ya kukokotolea ya kila aina ya lenzi) ya lenzi tofauti kubaki kwenye mashine baada ya kubadilisha aina ya lenzi, na kuna lenzi kukaa mbele ya mfuko badala ya ndani, ambako peke yake kunasogeza namba kwa nusu mpaka dayopta 1 kuelekea mainasi.

Lebo ya kiwanda kukosea ipo mwisho kabisa. Maabara inapima nguvu ya lenzi ikiwa kwenye maji ya chumvi yenye joto la jicho, nyuzi 35, kwa mwanga wa kijani, na kiwango kinaruhusu kupishana dayopta 0.3 tu kwa lenzi mpaka 15, na 0.4 kwa zile za juu ya 15 mpaka 25, ambazo ndo nyingi tunazotumia. Kwahiyo mtu akikosea kwa dayopta 3, hiyo nafasi ndogo ya kiwanda haielezi. Ila ukiona wagonjwa watatu wanne wa lot moja wote wamekosea upande mmoja na biometria imerudiwa iko sawa, basi tenga lot na andika ripoti, hapo umeshafanya kazi yako.

DALILI YA 4: Jicho limewaka siku ya kwanza au ya pili

Hapa naomba usome taratibu.

Kuna mwako usio na vijidudu, unaitwa TASS, unakuja ndani ya saa 12 mpaka 48, konea inavimba yote kutoka ukingo mpaka ukingo, kuona kunashuka, chembe nyeupe zinajaa mbele ya mboni na wakati mwingine zinatuama chini kama usaha, lakini maumivu mara nyingi sio makali. Na kuna maambukizi ya ndani ya jicho yenyewe, haya kwa kawaida yanakuja siku ya pili mpaka ya saba, maumivu yanaongezeka, kope zinavimba, na ukungu unaingia mpaka nyuma kwenye ute wa jicho.

ONYO: Kwa dalili hizi muuguzi au mtu wa miwani asiamue peke yake kwamba ni TASS akampa matone mgonjwa akamrudisha nyumbani. Maambukizi yanaua jicho kwa saa, sio kwa siku. Piga simu kwa daktari bingwa wa macho saa hiyohiyo, na kama hayupo mkoani, rufaa ianze leo, iwe Bugando iwe Muhimbili, usisubiri kliniki ya jumatatu. Mgonjwa wa Kibondo aliyeambiwa arudi baada ya wiki mpigie simu, usingoje arudi.

Mgonjwa akishakuwa kwenye mikono salama, ndo tunatafuta chanzo. Kama ni mmoja tu ni vigumu kusema. Kama ni watatu wa siku moja, jamani ni kitu cha thieta, na kinachoongoza ni vyombo: kanula (sindano butu za kuingizia vimiminika jichoni) zilizooshwa kwa sabuni hazikusuuzwa vya kutosha, visko iliyokaukia ndani ya tundu jembamba la kanula, maji ya otoklevu yasiyo safi. Baada ya hapo ni dawa zilizoingizwa ndani ya jicho, kipimo kimekosewa kuchanganywa au dawa ina kihifadhi, mfano adrenalini yenye salfaiti. Kisha maji ya kuoshea jicho, angalia lot. Lenzi inakuja baada ya hivi vyote.

Na ukitaka kujua kwanini inakuja mwisho, angalia inayopitia. Maabara inaloweka malighafi ya lenzi kwenye vimiminika mpaka kila kinachoweza kutoka kitoke, wanapima kilichotoka ni nini na kiasi gani, wanaweka maji yale kwenye chembe hai wanatazama kama zinakufa. Wanapima mabaki ya gesi ya EO. Wanapima sumu za kuta za bakteria, zile ambazo hata otoklevu haziui kwa sababu sio viumbe hai, ni mabaki. Wanaimulika kwa mwanga wa UV unaolingana na miaka 20 ya jua kuona kama itavunjika. Hiyo haimaanishi lenzi haiwezi kuwa na kosa, inamaanisha kanula yetu haijapitia hata kimoja cha hivi, kwahiyo tuanze nayo.

DALILI YA 5: Aliona vizuri, miezi au miaka baadae ukungu umerudi

Hii ndo iliyonifanya niandike.

Kuna mzee wa Ujiji, fundi wa kushona nyavu, alifanyiwa upasuaji sehemu nyingine akaona vizuri mwaka na kitu. Alipokuja kwetu nilimwamkia, akaitikia marahaba huku anatazama pembeni yangu kidogo, akaniambia "mwanangu, sindano ya wavu sasa naishika kwa kupapasa, kama zamani." Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameshapigwa leza mara mbili, maana aliambiwa mfuko wa lenzi umeota ukungu, na leza haikumsaidia chochote. Tulipomweka kwenye slitlampu (darubini yenye mwanga mwembamba ya kuangalia jicho), mfuko wa nyuma ulikuwa na tundu safi kabisa la leza, na ukungu ulikuwa bado upo, kwa sababu ukungu haukuwa kwenye mfuko, ulikuwa kwenye lenzi yenyewe. Akapewa rufaa, lenzi ikabadilishwa, lakini kwa vile mfuko ulishatobolewa ute wa nyuma ukaja mbele na upasuaji ukawa mrefu na mgumu. Anaona saivi, sio kama angeona. Nilipouliza lenzi iliyotolewa iko wapi nikaambiwa ilitupwa. Stika kwenye karatasi zake za zamani haikuwepo. Kwahiyo hatujui lot gani, hatujui nani mwingine anayo.

Basi fuata mpangilio huu.

Anza na tobo dogo, pinholi. Mwambie asome chati kupitia tobo. Akisoma vizuri zaidi shida ni miwani, umemaliza. Asipobadilika endelea. Pima presha ya jicho, uliza sukari, angalia konea.

Panua mboni. Hapa ndo watu wanaruka, wanaangalia kwenye mboni ndogo wanaona kitu cheupe wanaandika leza. Panua, subiri dakika 20, alafu tumia mwanga mwembamba wa slitlampu kutoka pembeni na usogee taratibu kutoka mbele kwenda nyuma: iris (sehemu yenye rangi ya jicho), uso wa mbele wa lenzi, mwili wa lenzi, uso wa nyuma, kisha mfuko. Jiulize kitu kimoja tu, ukungu uko tabaka gani.

Ukiwa nyuma ya lenzi, kwenye mfuko, unaonekana kama mayai ya samaki yaliyorundikana au kama karatasi ya nailoni iliyojikunja, hiyo ndo ya kawaida kuliko zote. Ni chembe za lenzi ya asili zilizobaki zikaota tena, sio kosa la lenzi ingawa lenzi yenye ukingo wa pembe kali inazizuia kuliko yenye ukingo wa duara. Tiba yake ni leza ya YAG, na ni kazi ya daktari.

Ukiwa ndani ya mwili wa lenzi, nukta nyingi zinang'aa kama nyota au povu la soda, na lenzi ni haidrofobiki, hivyo ni vishimo vidogo vilivyojaa maji. Vinatokea pale lenzi inapokunywa maji kidogo kwenye joto fulani alafu joto likashuka, maji yanakosa pa kukaa yanajikusanya. Maabara wanaviotesha kwa makusudi: lenzi inakaa kwenye maji ya nyuzi 45 kwa saa 24, inashushwa mpaka 37, wanaziangalia kwa hadubini na kuhesabu nukta. Vinatisha kwa macho ila mara nyingi haviharibu uonaji wa mgonjwa, kwahiyo usimtoe mtu lenzi kwa sababu yake, tafuta kwanza kwenye retina.

Ukiwa juu ya uso wa lenzi au chini yake kidogo, kama unga laini uliopakwa sawasawa, na lenzi ni haidrofiliki, shuku kalsiamu. Mliokulia karibu na Uvinza mnajua chumvi inavyoshika ukingo wa sufuria maji yakikauka, na kila nyumba ina birika lenye ukoga mweupe ndani, ni jambo la namna hiyo, madini ya kalsiamu na fosfeti kutoka kwenye maji ya jicho yanajishika kwenye plastiki. Sababu zake ni mbili kwa ujumla. Kuna inayotoka kwenye lenzi au pakiti, kuna aina moja ya lenzi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ambayo baadae iligundulika ilikuwa inachafuliwa na silikoni kutoka kwenye mpira wa pakiti yake, na kalsiamu ikapata pa kushika. Na kuna inayotoka kwenye jicho, hasa mgonjwa aliyewekewa hewa au gesi ndani ya jicho kwenye upasuaji mwingine baadae, na hapo mara nyingi doa linakuwa katikati tu upande wa mbele. Uliza historia hiyo.

ONYO: Kalsiamu haitoki kwa leza, haitoki kwa matone, haifutiki. Tiba ni kubadilisha lenzi, na inakuwa salama zaidi mfuko wa nyuma ukiwa mzima. Kwahiyo kama huna uhakika wa tabaka, USIPIGE leza. Piga picha ya slitlampu umtumie bingwa, subiri jibu. Wiki mbili za kusubiri hazimuumizi mgonjwa huyu, tundu la leza lisilohitajika linamuumiza moja kwa moja.

Tabaka zote zikionekana safi na bado haoni, shida iko retina au kwenye mshipa wa jicho. Hiyo sio ya lenzi, mpe rufaa.

DALILI YA 6: Mng'ao, kivuli pembeni, au lenzi imesogea

Kivuli cha nusu mwezi pembeni au miale ya taa usiku wiki za mwanzo ni kitu cha kawaida na kwa wengi kinapungua kadiri miezi inavyokwenda, mwelimishe na umfuatilie. Ikiwa lenzi imesogea na unaona ukingo wake kwenye mboni, mara nyingi mkono mmoja uko ndani ya mfuko na mwingine nje, au nyuzi zinazoshika mfuko zilikuwa dhaifu toka mwanzo, au alipigwa, uliza vizuri maana wengine hawasemi. Mkono kuchoka wenyewe ni nadra, kipimo chake ni kuubana na kuuachia mara 250,000 na hautakiwi kukatika.

SIMAMA: akisema anaona vimulimuli, nzi weusi wengi wa ghafla, au pazia linashuka upande mmoja, hiyo ni retina inabanduka, rufaa siku hiyohiyo.

Lenzi ikitolewa, tufanye nini

Usiifute na gozi, usiibane na koleo katikati, shika ukingoni. Iweke kwenye kichupa safi chenye mfuniko. Kabla hujaweka kimiminika chochote piga simu kwa maabara au mtengenezaji uulize wanaitaka vipi, kwa sababu wengine wanataka kavu, wengine kwenye formalini, na ukikosea unaweza kuyeyusha au kuongeza kilekile wanachokitafuta. Andika kwenye kichupa jicho gani, tarehe ya kuwekwa, tarehe ya kutolewa, lot na namba ya serial. Boksi zilizobaki za lot ile zifungie kabati tofauti.

Maabara wakiipokea wanaanza na visivyoharibu: picha ya hadubini, kisha ubora wa taswira, na lenzi nzima ya kawaida inatakiwa ifikishe walau 0.43 (1 ikiwa ni taswira kamilifu) kwenye jozi 100 za mistari kwa milimita kupitia tundu la milimita 3. Baada ya hapo ndo wanapaka rangi, alizarini inageuza kalsiamu kuwa nyekundu, na mwisho hadubini ya elektroni inawaambia kama vilele vya kalsiamu na fosforasi vipo. Ukiona mpangilio huo utaelewa kwanini lenzi iliyopondwa na koleo inawakosesha hatua mbili za mwanzo.

Ripoti iende TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), lenzi ni kifaa tiba na wao ndo wasimamizi, na sisi wa Kigoma hatuhitaji kufika Dar, ofisi ya kanda ya magharibi iko Tabora. Usingoje uwe na uhakika, unaripoti unachoshuku.

Stika zinakuja zaidi ya moja kwenye boksi. Moja kwenye faili, moja kwenye kadi anayoondoka nayo mgonjwa, moja kwenye daftari la thieta, na kwenye kadi ipakwe selotepu juu maana wino wake unafutika kwa jasho la mfukoni. Stika zikiisha nakili namba kwa mkono, alafu mwenzako akusomee kwa sauti kutoka kwenye boksi huku wewe unafuatisha ulichoandika, herufi kwa herufi, kabla boksi halijaenda kwenye ndoo.